Wengi Wape: Safari ya Baraza la Wawakilishi la Kenya, 1963 hadi 1966

Jumanne, tarehe 10 Novemba 1964, Ronald Ngala alisimama katika Baraza la Wawakilishi mjini Nairobi akiwa kiongozi wa upinzani. Alipomaliza kusema na kuketi, upinzani rasmi haukuwapo tena. Chama chake, Kenya African Democratic Union, kwa kifupi KADU, kilikuwa kimevunjwa kwa hiari na wabunge wake wakajiunga na chama tawala cha KANU. Kenya ilikuwa imebakiza mwezi mmoja kutimiza mwaka wa kwanza wa uhuru wake.

Upande wa serikali ulishangilia. Magazeti na wanasiasa wengi walilipokea tukio hilo kama ushindi wa umoja juu ya ukabila. Lakini kwa mtazamaji wa leo, siku ile inaacha swali ambalo halijapata jibu la mwisho: mpiga kura anapomtuma mtu bungeni kwa tiketi ya chama fulani, kiti kile huwa ni cha nani? Ni cha mbunge, cha chama, au cha mpiga kura mwenyewe?

Katika makala haya, msikilizaji, tunatazama jinsi baraza la chini la Bunge la kwanza la Kenya lilivyoundwa, vyama vilivyogawana viti vyake, na namna hesabu ya viti hivyo ilivyobadilika mara kadhaa bila ya uchaguzi mkuu mwingine kuitishwa.

Mabaraza mawili kwa ajili ya hofu

Mfumo wa Bunge lenye mabaraza mawili ulizaliwa katika mazungumzo ya katiba yaliyofanyika Lancaster House, London, mwaka 1962. Waliokaa mezani hawakuwa wakoloni na wazalendo peke yao. Wazalendo wenyewe walikuwa wamegawanyika.

KANU, iliyoundwa mwaka 1960, ilipata nguvu zake nyingi kutoka kwa Wakikuyu na Wajaluo, makabila mawili makubwa yaliyokuwa mstari wa mbele katika siasa za wakati huo. KADU iliundwa mwaka huo huo na viongozi wa jamii zilizohofia kumezwa baada ya Mwingereza kuondoka: Wakalenjin chini ya Daniel arap Moi, watu wa Pwani chini ya Ngala, Wamaasai, na sehemu ya Waluhya chini ya Masinde Muliro.

Katika uchaguzi wa Februari 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11. Hata hivyo KANU ilikataa kuunda serikali wakati Jomo Kenyatta bado amezuiliwa, na Ngala akaingia serikalini akiungwa mkono na wabunge wa Kizungu wa chama cha Michael Blundell. Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961, na mwezi Januari 1962 akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria baada ya Kariuki Njiiri kumwachia kiti chake cha Fort Hall.

Dawa ya hofu, kwa mtazamo wa KADU, ilikuwa ni majimbo. Katiba iliyotoka London iliigawa nchi katika majimbo saba, kila moja na baraza lake, mbali na eneo la Nairobi. Juu yao palikuwa na Bunge lenye nyumba mbili. Seneti, yaani baraza la juu, ilikuwa na viti 41, kimoja kwa kila wilaya na kimoja cha Nairobi, bila ya kujali wilaya ina watu wangapi. Kazi yake ilikuwa kuyalinda majimbo.

Baraza la Wawakilishi, yaani baraza la chini, lilikuwa na viti 129. Kati ya hivyo, 117 vilikuwa vya maeneo bunge, na vilivyobaki 12 vilikuwa vya wabunge wa kuchaguliwa maalumu. Hawa hawakupigiwa kura na wananchi, bali na wabunge wenzao. Waziri Mkuu na serikali yake walitegemea kuungwa mkono na baraza hilo. Aliyekuwa na wingi wa viti ndani yake ndiye aliyetawala Kenya.

Hesabu ya Mei 1963

Uchaguzi ulifanyika mwezi Mei 1963. KANU ilijinyakulia maeneo bunge 72 na KADU 32. Chama cha tatu, African People's Party cha Paul Ngei, aliyekuwa amejitenga na KANU mwaka uliotangulia, kilipata viti 8, nguvu yake ikiwa Ukambani.

Jumla hiyo ni viti 112, si 117. Vitano vilibaki wazi kwa sababu wakazi wengi wa Kisomali wa eneo la kaskazini, lililojulikana kama NFD, waliususia uchaguzi wakitaka kuunganishwa na Somalia. Viti hivyo vitano visivyo na watu vilikuwa dalili ya mapema ya vita vya Shifta, vilivyoanza mwishoni mwa mwaka huo huo.

Kisha wabunge wakawachagua wale 12 wa kuchaguliwa maalumu, na hapo ndipo nguvu ya walio wengi ilipojionyesha kwa mara ya kwanza. KANU ilichukua nafasi 11, KADU ikaachiwa moja. Baraza likaanza kazi likiwa na wabunge 124: KANU 83, KADU 33 na chama cha Ngei 8. Katika Seneti mizani ilikaribiana zaidi: KANU 18, KADU 16, chama cha Ngei 2 na wagombea huru 2.

Tarehe 1 Juni 1963, siku ya Madaraka, Kenyatta akaapishwa kuwa Waziri Mkuu. Ngala akawa rais wa jimbo la Pwani na Moi rais wa jimbo la Bonde la Ufa, huku wote wawili wakiketi upande wa upinzani katika Baraza la Wawakilishi.

Kiti cha Spika kilikaliwa na Humphrey Slade, mlowezi wa Kizungu na mwanasheria, aliyebaki katika nafasi aliyoishika tangu enzi ya Baraza la Kutunga Sheria. Hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Wala Kiswahili hakikuruhusiwa katika mijadala: katiba ilimtaka kila mbunge awe anaweza kusema na kusoma Kiingereza kiasi cha kushiriki shughuli za Bunge. Mwananchi aliyempigia kura mbunge wake baada ya kumsikiliza akihutubia kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani hakuweza daima kufuata aliyoyasema akifika Nairobi.

Kwa watu wa Pwani, baraza hilo lilibeba pia swali la Mwambao. Ukanda wa maili kumi ulikuwa kwa jina milki ya Sultani wa Zanzibar, na wapo waliotaka ujitawale au urudi Zanzibar. Oktoba 1963 mapatano yalitiwa saini London, yakihusisha serikali ya Kenya ya Kenyatta na ile ya Zanzibar ya Mohamed Shamte, na Mwambao ukaingizwa katika Kenya huru. Waislamu waliahidiwa kwamba mahakama zao za kadhi zitabaki. Kwa wengi waliokubali kwa shingo upande, jimbo lenye serikali yake lilikuwa ndiyo fidia. Kwa hiyo uhai wa majimbo, na uhai wa chama kilichoyatetea bungeni, haukuwa jambo la wanasiasa peke yao.

Robo iliyoponyoka

Kinga kubwa ya KADU haikuwa idadi ya kutawala, bali idadi ya kuzuia. Kuibadilisha katiba kulihitaji robo tatu ya kura katika kila baraza, na kwa vifungu vilivyolindwa zaidi, asilimia 90 katika Seneti. Robo ya wabunge 124 ni 31. KADU ilikuwa nao 33. Maana yake, wabunge wawili au watatu tu wakihama, kufuli ya baraza la chini hufunguka.

Walihama, mmoja baada ya mwingine. Ngei na chama chake walirejea KANU Septemba 1963, hata kabla ya uhuru. Wabunge wa KADU nao wakaanza kuvuka kwenda upande wa serikali. Sababu zilikuwa nyingi, na si zote za kulaumiwa. Mbunge aliyekuwa upinzani alirudi kwa watu wake akiwa hana barabara ya kuahidi, hana zahanati, wala shamba katika mpango wa kugawa ardhi iliyoachwa na walowezi. Serikali kuu ilishika fedha na watumishi, na ilikuwa ikichelewesha kuyapa majimbo madaraka na mapato ambayo katiba iliyapangia. Wengine waliamini kwa dhati kwamba nchi changa haina nafasi ya kugawanyika. Na wapo waliovutwa na vyeo.

Agosti 1964 Kenyatta alitangaza mpango wa kuifanya Kenya jamhuri yenye rais mwenye mamlaka ya utendaji, na majimbo yakiondolewa nguvu zake. Alionya kwamba Bunge likishindwa kuupitisha, wananchi wataulizwa kwa kura ya maoni. Kwa KADU, iliyokuwa ikipungua kila mwezi, kura hiyo ingekuwa kipigo cha hadharani. Ngala akachagua kukivunja chama mwenyewe kabla hakijavunjwa.

Tarehe 12 Desemba 1964 Kenya ikawa jamhuri, Kenyatta akiwa Rais na Oginga Odinga Makamu wake. Moi akapewa Wizara ya Mambo ya Ndani. Ngala naye akaja kuwa waziri mwaka 1966. Hakuna mbunge yeyote wa KADU aliyetakiwa kurudi kwa wapiga kura kuomba ridhaa ya kubadili chama. Mwaka 1965 katiba ikarekebishwa tena, na kiwango cha kura za kuibadilisha kikashushwa hadi asilimia 65 katika mabaraza yote mawili.

Upinzani ndani ya nyumba

Kuvunjwa kwa KADU hakukunyamazisha baraza. Kwa muda, kazi ya kuikosoa serikali ilifanywa na wabunge wa KANU wenyewe waliokaa viti vya nyuma. Walihoji ardhi ya walowezi inamwendea nani, elimu ya bure iko wapi, na kwa nini wapiganaji wa msituni wameachwa mikono mitupu. Bildad Kaggia, aliyefungwa pamoja na Kenyatta katika kesi ya Kapenguria, alipoteza cheo chake serikalini mwaka 1964 kwa kushikilia suala la ardhi. Pio Gama Pinto, mzalendo mwenye asili ya Goa aliyeingia barazani mwaka 1964 kwa kiti cha kuchaguliwa maalumu, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi tarehe 24 Februari 1965.

Mpasuko ulifika kileleni Machi 1966 katika mkutano wa KANU mjini Limuru. Cheo cha makamu wa rais wa chama alichokishika Odinga kilifutwa, na badala yake wakachaguliwa makamu wanane wa mikoa. Aprili, Odinga alijiuzulu umakamu wa Rais wa nchi na kuongoza chama kipya, Kenya People's Union, au KPU. Kaggia na wabunge wengine wakamfuata. Kwa mara nyingine Baraza la Wawakilishi lilikuwa na upande wa pili.

Safari hii majibu yalikuwa tofauti. Kabla ya mwezi Aprili kwisha, Bunge lilipitisha kwa haraka marekebisho ya katiba yaliyosema kwamba mbunge anayekihama chama kilichompeleka bungeni, wakati chama hicho bado kipo, amepoteza kiti chake na hana budi kurudi kwa wapiga kura. Baadhi ya waliohama walipoona hivyo walitaka kurudi KANU, lakini mlango ulikuwa umekwisha fungwa.

Hapo ndipo penye kiini cha historia hii. Mwaka 1964 mbunge aliyehama kutoka upinzani kwenda serikalini alipongezwa kwa uzalendo na kiti chake kikabaki salama. Mwaka 1966 mbunge aliyehama kutoka serikalini kwenda upinzani aliambiwa kwamba amewasaliti waliomchagua. Tendo lilikuwa moja. Kilichotofautiana ni upande alioelekea. Kanuni yenyewe, kwamba mbunge asihame na kura za watu mfukoni, ni kanuni ya haki. Kasoro yake ni kwamba ilikumbukwa siku ilipowafaa walio wengi.

Chaguzi ndogo za Juni 1966 ziliitwa Uchaguzi Mkuu Mdogo. Viti 29 vilishindaniwa, 19 vya Baraza la Wawakilishi na 10 vya Seneti. KPU ilipata jumla ya kura nyingi kuliko KANU, lakini kura zake zilirundikana mahali pachache, hasa Nyanza. Ilishinda viti 7 katika baraza la chini na 2 katika Seneti. Kaggia aliangushwa katika eneo lake la Kandara.

Nyumba moja, wabunge 170

Desemba 1966 hatua ya mwisho ikachukuliwa. Seneti ilikubali kuunganishwa na Baraza la Wawakilishi. Maseneta hawakurudi nyumbani: maeneo bunge yaliongezwa kwa 41, sawasawa na idadi ya viti vya Seneti, yakafika 158. Pamoja na wale 12 wa kuchaguliwa maalumu, Bunge jipya la nyumba moja likawa na viti 170. Muda wa wabunge nao ukarefushwa, ili uchaguzi mkuu usubiri. Mlinzi aliyewekwa kulinda majimbo alipiga kura ya kujiondoa, na malipo yake yakawa kiti katika nyumba ya jirani.

Mwaka 1968 nafasi zile 12 pia zilibadilika. Uwezo wa kuzijaza uliondolewa kwa wabunge ukakabidhiwa kwa Rais.

Tom Mboya, katibu mkuu wa KANU, aliuawa Julai 1969. Oktoba, ziara ya Kenyatta mjini Kisumu iliishia katika umwagaji damu, na siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku. Uchaguzi wa Desemba 1969 ulikuwa wa wagombea wa KANU peke yao. Uchaguzi huo huo ndio uliompeleka bungeni Grace Onyango wa Kisumu, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge nchini Kenya.

Mwangwi wa miaka iliyofuata

Bunge la chama kimoja halikuwa bubu. Mwaka 1974 Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike katika mijadala, na tangu 1979 wabunge wakaruhusiwa kutumia Kiswahili au Kiingereza. Machi 1975, baada ya kuuawa kwa mbunge J. M. Kariuki, Bunge liliunda kamati ya kuchunguza mauaji hayo. Lakini Oktoba mwaka huo Martin Shikuku, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa KADU, alidai mbele ya Bunge kwamba KANU imeuawa. Naibu Spika Jean-Marie Seroney aliona hakuna haja ya kuthibitisha jambo lililo wazi. Wote wawili walitiwa kizuizini.

Mwaka 1982 chama kimoja kikawa sheria, na kifungu hicho kiliondolewa Desemba 1991. Katika uchaguzi wa Desemba 1992 upinzani ulirudi bungeni kwa njia ya kura: KANU ilipata viti 100 kati ya 188, FORD-Kenya 31, FORD-Asili 31, chama cha Democratic 23, na vyama vitatu vidogo kiti kimoja kimoja. Upinzani ulikuwa na viti 88, idadi ambayo KADU haikuiota. Kisha Rais Moi akajaza zile nafasi 12 kwa watu wa KANU. Miaka mitano baadaye, katika mapatano ya vyama ya mwaka 1997, ilikubaliwa kwamba nafasi hizo zigawanywe kulingana na nguvu ya kila chama bungeni.

Katiba ya mwaka 2010 iliirudisha Seneti, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 Kenya ikawa tena na mabaraza mawili, kukiwa na kaunti 47 mahali pa majimbo saba. Bunge la Taifa, baraza la chini, liliwekewa wabunge 349 mbali na Spika: 290 wa maeneo bunge, wanawake 47 wa kaunti, na 12 wa kuteuliwa na vyama kwa uwiano wa viti.

Swali la 1964 lilirudi pia. Baada ya uchaguzi wa Agosti 2022, wabunge 14 wa vyama vilivyoingia uchaguzini ndani ya muungano wa Azimio walihesabiwa upande wa Kenya Kwanza, na Oktoba mwaka huo Spika Moses Wetang'ula akautangaza upande huo kuwa ndio wenye wabunge wengi. Februari 2025 Mahakama Kuu ilitengua uamuzi huo. Mawakili waliposimama kueleza mpiga kura alimtuma nani na kwa upande upi, walikuwa wakijadili jambo ambalo Baraza la Wawakilishi lilipita juu yake kwa shangwe alasiri moja ya Novemba.

Wahenga walisema: wengi wape, usipowapa watachukua. Bunge la kwanza la Kenya lilithibitisha ukweli wa usemi huo kwa hesabu: viti 11 kati ya 12, robo tatu, kisha asilimia 65, kisha nyumba moja mahali pa mbili. Lakini wahenga hao hao walisema pia: mgala muue na haki yake umpe. Katika miaka mitatu ile, walio wengi waliukumbuka usemi wa kwanza. Wakenya walihitaji karibu nusu karne kuurudisha wa pili katika katiba yao.